Shangazi alimpeleka binti yangu kukatwa kimeo, nusura tumzike

Wakuu, habari za mchana. Hili limenipata mwenyewe, sijaongeza chumvi. Nina hasira, mniwie radhi.

Mimi nauza vitunguu Busia, nyumbani ni Masafu. Binti yangu Nekesa ana miaka mitatu. Alikuwa na kikohozi kisichoisha, na mama yake alikuwa ametoka kujifungua, basi nikampeleka kwa shangazi yangu kule Kisoko amtunze wiki moja.

Shangazi alipomrudisha, kikohozi kipo palepale. Siku ya tatu homa ikapanda. Hamezi kitu, mate yanamchuruzika, shingo imekakamaa.

Mimi na ujuaji wangu nikanunua antibiotic vidonge vichache duka la dawa, bila kipimo wala nini. (Hapo nichapeni tu, nastahili.)

Alipoanza kukoroma akiwa macho, nikaita boda, mimi na shangazi, ambaye alikuwa bado kwetu, hadi hospitali.

Daktari akammulika kooni, akaniuliza, "Kimeo cha huyu mtoto kiko wapi?"

Kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo, wakuu. Hakipo!

Nikamgeukia shangazi. Anaangalia viatu vyake.

"Mimi nasaidia mtoto yako. Kimeo ilikuwa ndefu, ndio naleta kikohozi. Mzee ya kukata vimeo kule kwetu nakata kidogo tu, na ile waya yake."

Waya moja, watoto wa kijiji kizima, anaipangusa kwa kitambaa!

Usaha ulikuwa umejaa nyuma ya koo, unaziba njia ya hewa. Daktari alisema hata tonsils za kawaida zinaweza kufika huko, ila kidonda kichafu kinawafungulia vijidudu mlango. Wakamkimbiza theatre kuutoa usaha. Sijawahi kuogopa vile.

Amepona, namshukuru Mungu.

Sasa sikieni. Jumapili tulienda Kisoko kutoa shukrani kanisani. Shangazi akasimama kutoa ushuhuda: mtoto amepona kikohozi kwa sababu kimeo kilikatwa! Watu wakapiga makofi. Nikasimama kusema ukweli, nikaambiwa nikae, nisimwaibishe mzazi.

Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akamfuata shangazi, akaomba aelekezwe kwa mzee.

Jamani, mtoto akigoma kumeza, mate yakimtoka na shingo ikikakamaa, kimbia hospitali. Na mkimwacha kwa ndugu, mwambieni wazi mtoto asiguswe koo.

Leo sijafungua biashara. Naambiwa yule mama anaenda kwa mzee mchana huu, nami niko njiani kumuwahi. Aliyewahi kumzuia mtu kama huyu, aniandikie hapa alisema nini. Haraka.