Kiuno cha Kocha Radisav

Vidosava alikuwa fundi cherehani wa timu ya mji kwa miaka ishirini na saba, na kiuno cha kila mtu pale uwanjani alikijua kuliko mwenyewe alivyokijua. Kwa hiyo mashabiki walipoona kocha Radisav, lile pande la mtu, anapwaya ndani ya koti lake, hawakwenda kwa daktari. Walikwenda kwake.

"Shangazi Vida, tuambie kweli," alisema Tihomir tarishi, mpayukaji wa baa ya stesheni. "Kapungua kilo ngapi?"

"Tepu yangu haipimi kilo."

"Sukari hiyo," akasema Gvozden muuza nyama.

"Sukari wapi!" akabisha Tihomir. "Tumefungwa mechi tano, nani asingekonda? Hata mimi nimekonda."

"Wewe? Na tumbo hilo umeazima?"

Wakacheka. Vidosava hakucheka. Mwenyekiti wa klabu alishasema timu inayochungulia kushuka daraja haiongozwi na mgonjwa, na Vidosava alikuwa amepunguza suruali za kocha mara tatu tangu Septemba. Kutaka kujua kulimuunguza. Marehemu mumewe naye alianza hivihivi, mkanda tundu baada ya tundu, na yeye mkewe hakumuuliza mpaka maji yalipozidi unga.

Siku ya Mtakatifu Nikola, Desemba, mtakatifu msimamizi wa ukoo wa Radisav, wakaenda kwake wote. Sikukuu hiyo haina mwaliko, anayekuja amekuja. Na mwenye nyumba hakai. Anasimama akiwahudumia wageni mpaka wa mwisho aondoke. Ndipo wajuaji wetu wakapata kipimo chao: akimaliza siku wima, mzima huyo, akikaa, kwisha habari.

Basi wakaganda vitini. Ikaja supu ya samaki, yakaja maharage, ikaja rakia, pombe kali ya matunda, na hakuna aliyeaga. Saa ya nne tangu wafike, Radisav alikuwa anamimina kwa mkono mmoja, wa pili umeng'ang'ania mgongo wa kiti, jasho linamtoka. Vidosava akaona aibu hadi masikioni. Ni wao waliokuwa wakimtesa.

"Inukeni, twende."

"Keki bado, shangazi."

"Inuka Tihomir, kabla sijakushona huo mdomo!"

Wakatoka wakinung'unika. Yeye akabaki mlangoni.

"Kocha, unaumwa?"

Radisav akakaa, mbele ya mgeni, bila hata kuomba radhi.

"Miezi minne watu wananiuliza nimepungua kilo ngapi. Hilo umeliuliza wewe tu." Akashika tumbo. "Kuna uvimbe. Napasuliwa Januari, ligi ikiwa mapumzikoni. Mungu akipenda, Februari niko benchi. Wakijua, Vida, sitakuwa na benchi la kurudia."

Kesho yake, Vidosava hata koti hajavua, baa nzima ikamgeukia.

"Enhe, shangazi, ulibaki nyuma. Ana nini?"

"Ana mfungo. Mfungo wa Krismasi. Nawe Gvozden ungefunga, ungependeza."

Tihomir akahesabu kwa vidole. "Mfungo una wiki tatu tu tangu uanze. Yeye kaanza kukonda Septemba."

"Septemba kiuno chake kilikuwa kilekile. Mwenye tepu nani, mimi au wewe?"

Tihomir akavikunja vidole vyake. Kwa miaka ishirini na saba Vidosava hakuwahi kumdanganya mtu kipimo, hata sentimita moja.