Ubao Mpya wa Macho

"Kwa nini anipime macho mtu ambaye hajawahi kuendesha gari hadi Mghange?"

Baba aliniuliza hivyo akiwa mlangoni pa jikoni, ufunguo wa teksi mkononi. Nilikuwa nimerudi Voi na digrii, bila kazi, nikihoji kila kitu. Kwa nini cheti cha tabia njema kinaisha muda, kana kwamba tabia huchacha? Kwa nini beji ya dereva iombwe mtandaoni na wazee wenye simu za kubonyeza? Fomu za madereva wote wa steji ya teksi pale stesheni ya treni nilizijaza mimi, nikilalamika kwa kila kisanduku. Swali la baba lilikuwa la aina yangu kabisa. Nilishindwa kulijibu kwa sababu nilijua kitu ambacho hakutaka nikijue.

Nilikijua siku aliyonipeleka kwa shangazi, huko huko Mghange, juu mlimani. Ilikuwa saa nne asubuhi na ukungu ulikuwa umeshaondoka. Kwenye kona moja akapunguza mwendo na kuuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza saa, "Yule ni mbuzi ama ni mtu?"

Alikuwa mtoto wa shule mwenye sweta ya kijivu, amesimama kando ya barabara.

"Ni mtu, baba."

"Nilijua," akasema, kisha akaniuliza kama nina njaa.

Hajawahi kupata ajali. Alilisema hilo kila mara, na ni kweli. Kona za mlimani alizijua kwa mikono na miguu. Lakini tangu siku ile sikutulia. Rekodi safi inathibitisha nini? Kwamba dereva anaona, ama kwamba watoto wa Mghange wamejifunza kukaa mbali na gari lake?

Steji ilikuwa na njia yake ya kuvuka kipimo cha macho cha kupata beji. Kliniki walikopimwa ilikuwa na ubao mmoja wa herufi ukutani, ule ule miaka nenda miaka rudi, na madereva walikuwa wameukariri. Mgeni akitaka kujiunga, ilibidi dereva wa zamani amdhamini, kisha akae mwisho wa foleni mwezi mzima. Katika mwezi huo alifundishwa ubao wakati wakisubiri treni. Walimu walikuwa baba na rafiki yake, mzee wa Kiislamu aliyezaliwa hapa mjini na ambaye Kiswahili chake kilitufanya sisi wengine tuone haya.

"Mstari wa tatu?" baba angeuliza.

"Wa tatu hata ng'ombe ausoma," rafiki yake angedakia. "Muulize wa saba, tumuone uungwana wake."

Mwanzoni nilicheka nao. Ilinichukua muda kugundua kwamba aliyefundisha kwa bidii kuliko wote ndiye aliyezihitaji herufi zile kuliko wote.

Kisha kliniki ikabadilisha ubao, wiki mbili kabla ya baba kupimwa tena.

"Wewe una macho na una simu," akaniambia. "Pita pale uupige picha."

Nikaenda, nikaupiga. Nilipompa simu aliisogeza mbali, akaileta karibu, akaipangusa kwa shati.

"Kioo chako kichafu. Nisomee."

Nikamsomea. Mistari minne ya juu niliisoma ilivyo. Kuanzia wa tano nikabuni. Sikuwa nimepanga. Chuoni nilikuwa hodari wa kusimama na kuwaambia wakubwa kwamba wamekosea, lakini pale mezani, mbele ya baba aliyenilipia masomo kwa nauli za barabara ile ile, sikuweza kutamka maneno mawili: baba, huoni. Nikamlisha herufi za uongo, naye akazirudia moja moja, macho ameyafumba, hadi zikakaa.

Siku ya kupimwa niliketi kwenye benchi nje ya pazia. Nilimsikia akisoma bila kusita. Alipofika mstari wa tano muuguzi akamkatiza.

"Mzee, hebu rudia huo."

Akaurudia vile vile, herufi zangu za uongo, polepole, kama mwalimu anayesomea darasa imla. Muuguzi akamwambia akae chini ampime vizuri. Ilikuwa mtoto wa jicho, macho yote mawili.

Tukiwa njiani kurudi, mimi nikiendesha, baba alitazama dirishani hadi tukafika. "Wamechapa herufi mbaya siku hizi," akasema akishuka, na ufunguo akaniachia.

Baadaye alifanyiwa upasuaji wa jicho moja. Sasa anaona vizuri vya kutosha kukosoa ninavyoegesha. Kuendesha hakurudia. Mimi ndiye niliyetafuta beji, nikapimwa macho mbele ya ubao ule ule niliomdanganyia baba, nikausoma wote kwa macho yangu. Rafiki ya baba akanidhamini, na nikakaa mwisho wa foleni mwezi wangu mmoja kama wengine. Sikuihoji sheria hiyo.

Siku moja, miaka baadaye, treni ilichelewa, tukawa mimi na mzee huyo tu kwenye benchi la steji. Nikaungama. Nilimweleza yote: picha, kioo, mstari wa tano. Hakushangaa.

"Mimi nilipimwa siku moja kabla ya babako," akasema. "Nikarudi na ubao mzima kichwani, kama kawaida yetu. Nikamsikiliza akisoma ulivyomfundisha, nikamwambia, sivyo. Akaniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikamfundisha ilivyo, akanisomea mstari kwa mstari hadi wa mwisho. Mwanangu, usiku ule wa kuamkia kipimo chake hakukosea hata herufi moja."