Trafiki wa Kona ya Lubaga

Kabla ya wanajeshi kushika nchi, Konstebo Obwona alisimamisha gari lolote kwenye kona ya Lubaga, Kampala. Lolote, nakwambia! Waziri mmoja aliwahi kuteremka akaomba radhi kama mtoto aliyevunja chungu. Lakini mwaka wa sabini na nne kulikuwa na magari ya wakubwa wa jeshi ambayo trafiki hayasimamishi, hata yakienda kama yanafukuzwa na nyuki. Akiyaona, anapiga saluti, basi.

"Baba Akwero," mkewe Laker alimwambia kila asubuhi akimnyoosha kola ya sare nyeupe, "mkono usioweza kuukata, ubusu. Sisi ni Waacholi. Wanajeshi wenzetu wa kambini wameuawa wakaisha, kwa kabila lao tu. Funika kombe mwanaharamu apite, turudi kwetu Kitgum tukiwa hai."

Obwona akafunika kombe. Akafunika mpaka siku gari moja jeusi liliposhuka mlima kwa kasi, naye akapiga saluti yake, na mkono ungali kwenye kofia gari likamgonga Marie-Louise, Mkongo aliyekuwa akiuza samaki wa kukaanga pale kando. Halikusimama. Mama wa watu akafa palepale, samaki wake wametapakaa kwenye lami. Obwona alijichukia, jamani. Alikuwa amempa muuaji heshima zote.

Kwa ukoo wake, damu ya mtu ikimwagika njiani, matawi mabichi hulazwa pale kutwa nzima ili marehemu asikanyagwe, na jua likizama huondolewa. Asubuhi yake Obwona akakata matawi, akayalaza alipoangukia Marie-Louise. Hakuwa na nia nyingine. Lakini dereva wa Kampala akiona matawi barabarani anajua kuna gari bovu mbele, na kila aliyefika akakanyaga breki. Hata magari ya wale wakubwa! Yakapita taratibu kama yanasindikiza bibi harusi.

"Kumbe na wao wanajua kutambaa!" akasema Habibah, muuza matoke wa ng'ambo ya barabara, machozi ya rafiki yake hayajamkauka.

Hapo ndipo Obwona alipokosea. Jua lilizama, matawi akayaacha. Alikuwa amesahau raha ya kuona gari likipunguza mwendo mbele yake, maskini.

Kesho yake mchana gari jeusi likafunga breki ghafla. Wakashuka watu watatu wenye miwani myeusi, bastola mkononi, wakichungulia nyuma ya nyua. Waliyaona matawi yale kuwa mtego wa waasi.

"Nani naweka hii? Nataka kuua sisi?" mkubwa wao akafoka.

Akamkaba Habibah shingo. "Wewe iko hapa siku yote. Sema!"

Habibah alijua, na hakusema. Bastola ilipogusa sikio lake alifumba macho tu.

Obwona akamwona Laker, akaiona safari ya Kitgum. Angenyamaza, angepona. Lakini saluti ile ya juzi ilikuwa bado imemkaa kooni kama mwiba wa samaki.

"Mwache mama, afande. Ni mimi."

"Wewe mtu ya wapi?"

"Kitgum."

"Acholi!" Afande akacheka, wala hakuuliza la pili. Wakayatupa matawi mtaroni, wakamtupa yeye ndani ya buti la gari, wakalifunga.

Mle kulikuwa na giza na harufu ya petroli, na harufu nyingine aliyokataa kuifikiria. Gari likapanda, likageuzwa huko kilimani, likaanza kuteremka kuelekea mjini. Obwona alijua mwendo wa gari kwa mlio wa injini, na huu ulikuwa mwendo wa kuua. Kona ilikuwa mbele, na ilikuwa saa ya watoto kutoka shule. Akasubiri kusikia breki. Hakuzisikia. Akaanza kugonga bati kwa ngumi zote mbili, akipiga kelele kwa sauti yake yote, "Tokeni barabarani! Watoto, tokeni barabarani!"