Kisima cha Bibi Mchangani

Jana mjukuu wangu alifungua bomba hapa nyumbani Dodoma, akaenda zake kucheza, maji yakabaki yanamwagika uani. Nilimfokea mpaka akalia. Maskini, hakunikosea yeye. Niliyekuwa nikimfokea ni mimi mwenyewe, wa enzi ile ya Mjerumani.

Sisi tulikunywa maji ya mchangani. Mto wetu ulikuwa mkavu karibu mwaka mzima, lakini ukichimba kimo cha mtu unayakuta, matamu na baridi. Kisima cha bibi yangu alikichimba mwenyewe akiwa mwali, akakizungushia miiba ng'ombe wasiingie. Kila alfajiri alishuka na kata yake ya kibuyu, akazoa mchanga ulioporomoka, ndipo akachota. "Kisima huishi kwa kuchotwa," alikuwa akisema. "Ukikiacha, kinajifukia."

Kisha reli ikafika. Wajerumani wakasimamisha tangi la chuma juu ya nguzo pale stesheni. Mashine iliyavuta maji kutoka chini ikayapandisha huko juu, nayo yakashuka yenyewe kwa mabomba kwenda kunywesha garimoshi. Bomba moja tukaachiwa sisi watu. Wee! Unazungusha tu, mtungi unajaa.

Miaka michache baadaye bibi alivimba miguu, akashindwa kushuka mtoni. Akanikabidhi kata. "Mjukuu wangu, nichotee kila siku, hata mitungi ikiwa imejaa." Siku tatu nilikwenda. Ya nne nikapita stesheni, nikacheza na wenzangu, na ikawa hivyo miezi yote iliyofuata. Bibi akiuliza, "Kisima changu hakijambo?" nilimjibu kwa macho makavu, "Hakijambo, bibi." Maji ya tangi yalinuka chuma. Alikunywa, akanyamaza.

Vita vilipokuja, bomba likatiwa kufuli. Maji yote yakawa ya garimoshi na askari, na mvua nazo zikakata. Nilikimbia mtoni. Miiba ilikuwa imelala, na pale pa kisima palikuwa mchanga mtupu, sawasawa, kama hapakuwahi kuchimbwa. Majirani wengi nao walikuwa wameviacha vyao. Nilichimba hadi kucha zikatoka damu, nikarudi na tope kidogo kwenye kata.

Bibi alikuwa ameshikwa na homa, midomo imepasuka. Nilipiga magoti nikamwambia yote. Akaniwekea mkono kichwani.

"Nilijua tangu kata ya kwanza, mwanangu. Nilikuwa nasubiri uniambie."

Akaomba maji ya kisima chake. Sikuwa nayo. Kesho yake tulimzika, na hadi leo moyo wangu haujapoa.

Tangi lile halipo tena. Visima vya mchangani havipo, na mabinti tuliojua kuvitunza tumebaki wachache, vikongwe. Jana jioni nilimwita mjukuu wangu nikamwomba radhi. Akanifuta machozi kwa kiganja, akakimbia bombani, akaniletea kikombe cha maji. Yalinuka chuma. Nikanywa, nikanyamaza.