Kutangazwa Mara ya Tatu

Makanisa yetu yalikuwa matatu na padri mmoja. La kwanza lilikuwa mjini, la mawe, lenye viti vya kuegemea. La pili lilikuwa ng'ambo, katika kijiji cha misheni, unavuka kwa mashua. La tatu lilikuwa njia ya Makupa, banda la mabati walilojengewa watu wa reli, ambamo ukikaa sala nzima unatoka umeiva. Padri alizunguka na kisanduku chake cha kikombe na vitambaa, Jumapili hii hapa, ijayo kule, na asipokuwepo, mwalimu wa kanisa aliongoza sala. Watu wa mjini waliwaona wa ng'ambo washamba. Wa ng'ambo waliwaona wa Makupa wabara walioletwa juzi na treni. Wa Makupa sijui walituonaje, ila palipotokea msiba wao ndio waliotangulia kufika.

Mimi nilikuwa mtu wa huku na huku. Nililelewa ng'ambo, nikahamia kisiwani nilipojua kazi ya sindano, nikapanga chumba Bondeni kwa mama mmoja wa Kiislamu, mjane mwenye ulimi mkali na moyo laini. Nilishona kofia za duka moja la Ndia Kuu. Ndiyo, Mkristo nikishona kofia za kuendea msikitini. Anayeona ajabu na aone. Kofia zangu zilivaliwa na watu wa heshima, na hakuna aliyelalamika kichwa.

Sisi wa ng'ambo wengi wetu tulikuwa mateka. Ndivyo tulivyoitwa, watu waliokamatwa bara wakauzwa, kisha manowari za Waingereza zikayashika majahazi yaliyowachukua na kuwashusha pale misheni. Ukishushwa unapewa shuka na jina la Biblia, ukaanza maisha. Mimi nilishushwa nikiwa bado nanyonya, kwa hiyo sikumbuki chochote. Waliokumbuka hawakusema. Tulikuwa na adabu moja ambayo hakuna aliyetufundisha: humwulizi mtu alikotoka. Jirani unaweza kumpekua mpaka chungu chake, lakini hilo huligusi, maana hujui utakachokiamsha.

Mwanamke aliyenilea nilimwita mama, na mama alikuwa. Yeye alishushwa katika jahazi lile lile nililoshushwa mimi. Alikuwa amefiwa na mtoto wake njiani, maziwa yakamjaa, akaninyonyesha mimi. Aliniambia mama aliyenizaa alikufa baharini, basi. Mkono wake wa kulia, juu kidogo ya kifundo, alikuwa na kovu la meno. Nilipokuwa mdogo nilimwuliza ni mnyama gani aliyemwuma. Akasema, "Mnyama mdogo sana," na sikuuliza tena.

Mchumba wangu alikuwa mtu wa kanisa la Makupa. Naye pia alikuwa mateka, lakini alikuzwa Unguja, walikopelekwa wavulana wengine kusomeshwa, akarudi mtu mzima kufanya kazi ya reli huko Kilindini. Tulikutana makanisa yote matatu yalipokusanywa mjini kujifunza nyimbo za Pasaka. Alikuwa na sauti nzito nzuri, naye alijua. Neno lake la kwanza kwangu lilikuwa kwamba naimba kama mtu anayemwita paka. Nikamwambia paka mwenyewe mbona amekuja. Tangu siku ile nilimpenda, na sioni haja ya kulizungushia maneno. Nilimpenda mpaka nikawa nakosea mishono.

Kwa kuwa sote wawili hatukuwa na wazazi waliotuzaa, posa ilipita kwa padri. Padri akakubali, na kazi ya kututangaza ikaanza. Kila anayetaka kuoa na kuolewa jina lake husomwa kanisani Jumapili tatu, na watu huulizwa kama yupo ajuaye kizuizi. Sisi tulisomwa katika makanisa yote matatu, maana kila moja lilikuwa na haki nasi. Mara ya kwanza ikapita. Wanawake wa mjini walinibana kiuno wakati wa kutoka, wakicheka.

Kati ya tangazo la kwanza na la pili mchumba wangu alivuka kwenda kumwamkia mama. Alikuwa hajamwona bado. Zamu za reli hazikumwachia nafasi. Nami nilivuka naye. Mama alimkalisha barazani, mimi nikaingia jikoni kukuna nazi. Nilisikia sauti zao, sikusikia maneno. Niliporudi na wali nilimkuta mama ameufunika mkono wa kulia kwa kanga. Hakula. Alisema tumbo. Mchumba wangu njiani akaniambia mama alimwuliza alikotoka, naye, kwa kuwa ni mkwe, akaona si adabu kumficha, akamweleza yote. Nilitaka kumwuliza ni yapi hayo yote. Lakini mimi nilikuwa mtu wa ng'ambo, nimelelewa vizuri, sikuuliza.

Jumapili ya tatu ilikuwa zamu ya padri kwenda ng'ambo. Nikavaa gauni nililolipiga pasi mwenyewe, nikakaa upande wa wanawake karibu na mama. Yeye mchumba wangu alikuwa upande wa wanaume, mstari wa mbele, mabega yamenyooka. Padri akasoma majina yetu kwa Kiswahili chake cha kukata kata, akauliza kama yupo ajuaye kizuizi. Akafumbua kinywa aendelee, maana hakuna mtu aliyewahi kujibu swali lile.

Mama akasimama.

"Mimi," akasema.

Mwalimu alimfanyia ishara akae, akidhani amechanganyikiwa. Hakukaa. Aliiondoa kanga mkononi akaunyosha mkono kule waliko wanaume. "Huyu kijana alikuwa katika jahazi letu," alisema. "Mama yake alipokufa alimshika dada yake mchanga hataki kumwachilia. Mtoto alikuwa anakufa kwa njaa. Mimi ndiye niliyemnyang'anya, naye akaniuma. Kovu ni hili. Mwenyewe amenieleza barazani kwangu kwamba alimwuma mwanamke, hakujua ni mimi. Na mtoto niliyemnyang'anya ni huyu hapa." Akaniwekea mkono kichwani. "Niliambiwa wavulana wa jahazi lile wameisha kwa ndui. Nisamehe, Padri. Hawa ni tumbo moja."

Sikumbuki kanisa lilifanya nini. Namkumbuka yeye tu. Aligeuka akaniangalia, na uso wake ulikuwa uso ambao sijawahi kuuona tena kwa mtu yeyote. Nilitafuta huzuni pale. Haikuwepo. Aliruka kiti, akavuka njia ya katikati inayotenga wanaume na wanawake, akapiga magoti mbele yangu huku analia kwa sauti. "Nilijua wamekutupa," alisema. "Miaka yote nilijua wamekutupa baharini."

Baadaye, jikoni, nilimwuliza mama kwa nini hakuniambia nyumbani. Alikuwa na wiki nzima, zaidi. Angeniita akanikalisha, akaniambia mimi peke yangu. Nilimpigia kelele ambazo mtoto hampigii mzazi. Aliniacha nipige. Kisha akasema, "Jikoni ningekuonea huruma." Nilijua ni kweli, na sikumsamehe siku ile, wala mwezi ule.

Bondeni nilifika nimevimba macho. Mwenye nyumba wangu alitaka kujua nani amekufa. Nikamweleza.

"Lahaula!" akasema. "Sisi mtu akiposa twaanza kwa nasaba. Babake nani, babuye nani, nyanyake ni wa mtaa upi. Nyinyi mwangojea hata siku ya mwisho, mbele ya watu?"

"Mama," nikamwambia, "sisi hatuna babu."

Akatandika mkeka, akakaa kama anavyokaa mtu aliyekuja matangani, akanivuta. "Basi lia, mwanangu," alisema. "Lia hapa kwangu, huko kwenu sidhani watakuwacha ulie."

Aliona mbali. Huko kwetu hakuna aliyenipa pole. Walinipa hongera. Habari ilienea makanisa yote matatu kama moto wa makuti, na ilikuwa habari njema: mateka wawili wamepatana, damu imeiona damu. Kwa watu waliozaliwa na ukoo labda ni hadithi tu ya kusimulia. Kwetu sisi ilikuwa kitu ambacho kila mtu alikuwa amekiomba mpaka akachoka kukiomba. Padri akatangaza ibada ya shukrani ng'ambo, siku ile ile iliyokuwa imewekwa kwa harusi. Mchele ulikwisha nunuliwa, mbuzi wapo, wapishi wameshaambiwa. Walipika pilau yangu ya harusi wakaila kwa kumshukuru Mungu.

Niliketishwa mbele, yeye kushoto kwangu, mahali pale pale ambapo maharusi huketi. Wa mjini walikuja, wa Makupa walikuja, waimbaji waliimba nyimbo tulizojifunza. Wanawake walipiga vigelegele. Mwanamke mmoja wa kijijini, aliyetenganishwa na dada zake katika soko la watumwa na hajapata habari zao tena, alinishika mashavu kwa mikono miwili akasema, "Hebu cheka nione. Mnafanana? Cheka, mwanangu." Nilicheka. Ningefanya nini? Ningemwambia nini mtu yule, kwamba nilichopewa sikitaki? Aliangalia meno yangu, akaangalia ya kaka yangu, akalia kwa furaha, na kwa wivu pia; hakuuficha. Wote waliniangalia vile, kana kwamba nimeokota kitu chao. Nilikula pilau ile. Ilikuwa na chumvi nyingi, au labda ni mimi.

Kaka yangu alisimama akasema maneno machache. Alisema alikuwa mtoto wa miaka sita au saba, na mama yake alipozidiwa alimwachia kazi moja tu, amshike mdogo wake. Alisema kila usiku Unguja aliota mikono yake mitupu. Alisema sasa atalala. Watu walijibu amina, na mimi nilijibu, maana nilimpenda na nilitaka alale. Alisahau kabisa kwamba kulikuwa na kitu kingine. Simlaumu. Yeye alikuwa na mtu wa kumpata. Mimi sikuwa na kumbukumbu yoyote ya kaka. Nilikuwa na mchumba tu, na huyo ndiye aliyekufa, na nilikuwa nimekaa karibu na kaka aliyemwua, nikipepewa.

Jioni tulivuka pamoja kurudi kisiwani. Alinishika mkono kuniteremsha kwenye mashua, akanisindikiza mpaka mwanzo wa mtaa wangu. Zamani alikuwa akiniaga kwa mbali, kwa adabu, akiogopa macho ya Bondeni. Siku ile hakuogopa mtu. Mbele ya maduka, watu wanapita, aliniwekea mkono kichwani, akauacha pale. Ulikuwa mzito, wa moto.

"Umefurahi, dada?" akaniuliza.

Alikuwa ananiangalia usoni, anangoja jibu. Nikamwambia nimefurahi. Aliamini. Aliniambia nilale salama, akashika njia ya Makupa, na nilimsikia anaimba mpaka alipopinda kona.