Shikamoo ya Mdogo Wangu

Mdogo wangu alipoanguka kando ya bani la kukaushia tumbaku, watu wa Usoke walisema ni moshi. Nilipofika nikaona mdomo umeenda upande na mkono wa kulia unaning'inia, nikajua ni kiharusi. Kazi yangu ndiyo hiyo. Ninaongoza kikundi cha watu wanne. Tunawafuata wagonjwa wa kupooza majumbani kwao, kuanzia Tabora mjini hadi vijiji vya kandokando ya reli, tukawafanyishe mazoezi. Shule niliiacha darasa la tano, wazazi wetu walipofariki kwa kufuatana. Kazi hii nilifundishwa na mtaalamu wa hospitali, na nilichofundishwa sijakiacha.

Mguu wa mdogo wangu tuliupata. Kiangazi kilipokolea alikuwa anafika chooni kwa fimbo aliyochongewa na seremala wa kikundi chetu. Maneno ndiyo hayakurudi. Lilibaki moja tu: shikamoo.

Akitaka maji, shikamoo. Akiumwa bega, shikamoo. Kuku akiingia ndani alimfukuza kwa fimbo, "Shikamoo! Shikamoo!" na hapo tulicheka, naye akacheka nasi. Lakini alimwamkia hivyo hivyo mke wake, na watoto wake, na mtoto wa jirani aliyetumwa chumvi. Watoto wa njiani wakaanza kupita makusudi. "Mzee, tuamkie!" Naye alikuwa anajua. Hilo ndilo nililotamani lisiwe kweli. Akili yake ilikuwa nzima. Alilisikia neno likitoka, akafumba macho kama mtu aliyejikwaa mbele za watu.

Neno lile nilimfundisha mimi. Tulipobaki peke yetu, yeye hata meno ya utoto hayajang'oka, nilimwambia yatima asiyeamkia watu hapewi chakula. Tulipita nyumba kwa nyumba, yeye mbele, mimi nyuma. Aliinama kidogo, akaitoa shikamoo yake taratibu, na akina mama wakamwita jikoni. Tulikula kwa neno hilo. Nadhani ndiyo maana lilizama chini kuliko mengine yote, ugonjwa usilifikie. Nilimuuliza mtaalamu, akasema maneno ya mazoea mara nyingi hubaki. Na mengine yatarudi lini?

"Dada, jibu unalo. Si huwa unawaambia watu?"

Kweli huwa nawaambia: huenda yakarudi, huenda yasirudi.

Ikaja habari ya posa. Binti yake mkubwa alikuwa amepata mchumba wa Bukene, na watu wa huko walitaka kuja kujitambulisha. Mke wa mdogo wangu akanivuta uani.

"Wifi, siku hiyo tumweke chumbani. Tuseme amelala."

"Ni baba wa binti."

"Sikatai. Lakini atamwamkia mkwe wake! Watasema kwetu kuna wazimu, mwanangu akose mume."

Nikamwambia atakaa kitini, na atasema "karibuni". Nilimwahidi.

Tulianza kwa kuimba, kwa sababu wengine maneno huyapatia kwenye wimbo. Seremala alipiga meza, mimi nikaushika mkono mzima wa mdogo wangu tukaupigisha gotini: ka-ri-bu-ni. Ka ilitoka. Siku moja ka na ri zilitoka pamoja, wifi akaacha sufuria jikoni akaja mbio.

"Tulia, shemeji," seremala akamwambia. "Wiki ijayo atakugombeza."

Kesho yake haikutoka hata ka.

Siku ya wageni nilimvalisha shati jeupe. Waliingia wazee wawili na kijana mwenyewe. Nikawaeleza ugonjwa kwa maneno machache. Kijana akachuchumaa ili amwamkie, na kabla hajafungua mdomo, mdogo wangu akasema kwa sauti safi kabisa, "Shikamoo."

Kijana akabaki amechuchumaa. Angejibu nini? Marahaba, kwa baba mkwe? Wifi aliinamia sakafu. Mshenga wao, mzee mcheshi, akaokoa.

"Ee! Mkwe katuzidi adabu. Sasa hapo mahari atoe nani?"

Watu wakacheka. Mdogo wangu akacheka kwa upande mmoja wa uso, jicho la upande huo likajaa machozi.

Mazungumzo yalipofika mwisho, mshenga alinigeukia. "Shangazi, tumekuelewa. Lakini binti ana baba, na baba yupo. Tunaomba tusikie kwake kama tumepokelewa."

Kanuni ya kwanza ninayowafundisha wenzangu ni kwamba usimsemee mgonjwa. Nyamaza, mpe muda, hata ikichukua asubuhi nzima. Nimewahi kugombana na wake za watu kwa ajili hiyo. Basi nikanyamaza, na sebule yote ikanyamaza. Mdogo wangu alivuta pumzi. Niliona midomo inaitafuta ka. Kidole changu kilikuwa kinampigia gotini polepole, ka-ri-bu-ni. Kisha midomo ikabadilika, na sura ile naijua, najua linalofuata. Yeye pia alijua. Akaubana mdomo, akanitazama, kama alivyokuwa akinitazama kwenye milango ya watu, akisubiri nimwambie kama tuingie.

"Amewapokea," nikasema.

Akatikisa kichwa kukubali, kisha akatazama pembeni.

Wageni walikula, wakapanga siku ya kurudi. Wifi alinishukuru. Seremala, aliyekuwa amekaa mlangoni muda wote, alianza kukusanya vikombe, na mimi sikumtazama. Tangu siku ile mdogo wangu hajaijaribu tena hata ka; nikianza kumpigia gotini anauondoa mkono wangu taratibu.

Bado naenda. Nikifika naegemeza baiskeli ukutani, naye ananiona kutoka barazani.

"Shikamoo."

Mimi ni dada yake mkubwa. Kwangu mimi hajakosea.

"Marahaba, mdogo wangu."

Kisha anataka kitu, ananiambia kwa neno lilelile, nami sijui anataka nini.