Koti la Izaak

Wivu wa Batseba Lawalata haukuzeeka naye. Magoti yalichoka, macho yakafifia, lakini wivu ulikuwa mbichi kama pilipili ya bustanini.

Siku ile Bung Eli, kaka yetu wa makumbusho, alikuja mtaani na picha za kambini, za miaka ile wazee wetu walipotoka visiwa vya Maluku kuja kwenye baridi ya Uholanzi. Sura nyingi hazikuwa na majina.

“Oma Batje,” akamwambia Batseba, kama wajukuu wote wa mtaa walivyomwita, “huyu mwenye gitaa si marehemu mumeo?”

“Ndiye Izaak.”

“Na huyu binti aliyevaa koti lake?”

Batseba alimjua vizuri mno. Welmina Siahaya! Kijiji chake na cha Izaak vilikuwa pela, ndugu wa kiapo, na watu wa pela hawaoani hata wapendane vipi. Izaak akamwoa Batseba. Alikuwa mume mwema, lakini hakuwahi kumvika koti lake, hata kwenye theluji. Welmina alikufa zamani. Kama jina lake nalo lingepotea, Batseba angelala usingizi.

“Simjui,” akasema.

Eli akacheka. “Haya, Oma!”

Siku ya ufunguzi wa maonyesho, Yosina, mjukuu wa Batseba, alimshika bibi yake mkono, akamvuta hadi ukutani. Picha imekuzwa, na chini yake: Izaak Lawalata na mchumba wake Batseba.

“Oma! Kumbe ulikuwa kisura hivi?”

“Nilijua tu unaona haya,” Eli akasema, akijipongeza.

Watu wakamzunguka. Batseba akawaacha waamini, na kwa kitambo ilikuwa tamu. Hatimaye Izaak alikuwa akimtazama yeye.

“Macho hayo, jamani!”

“Tazama Opa Izaak alivyopagawa! Hana habari na gitaa.”

Kila sifa ilimchoma. Macho yalikuwa ya Welmina. Tabasamu la Welmina. Hata leo, kaburini, alikuwa anasifiwa, na Batseba amesimama pale anampokelea sifa zake.

“Siyo mimi!” akafoka. “Huyo ni Welmina Siahaya. Mwandikeni.”

Yosina akasogea karibu na picha. “Sasa wewe uko wapi, Oma?”

Batseba akainua kidole hadi pembeni kabisa mwa picha. Nyuma ya mabega ya wacheza dansi alisimama msichana mwembamba, sahani ya keki mkononi. Wote walikuwa wakitazama kamera au wakicheza. Yeye alikuwa akimtazama Izaak.

“Huyo hukuniuliza, Eli.”